Honi ya Njia ya Gongoni, Honi ya Mjini

Ukikaa kwenye kibaraza chochote kinachotazama barabara ya Lamu hapa Malindi, utawasikia watu wakizungumza kwa honi. Tuktuk ikipiga mara moja, fupi, inakuuliza kama unapanda. Ikipiga mbili fupi, dereva amemwona mtu anayemjua upande wa pili. Bodaboda akigusa kidogo huku akipunguza mwendo, anawaambia kina mama waliopanga ndoo zao karibu na lami kwamba anapita, wala wasiinuke. Ile ndefu inayong'ang'ania ni ya mgeni wa wikendi aliyekuja na gari lake, au ya matatu iliyokosa zamu. Mwenyeji huzijua zote bila kugeuza shingo.

Naanza na hilo kwa sababu nataka kuandika juu ya kufunga honi kubwa kwenye pikipiki, na kila anayeniuliza habari hizi huanza na ukubwa: ipi ina sauti zaidi? Mimi huuliza jambo jingine kwanza. Ile ndogo iliyokuja na pikipiki, utaipeleka wapi?

Kazi yangu ni pampu za maji na sola, na wateja wangu wengi wako ng'ambo ya mto Sabaki: Mambrui, Gongoni, mpaka Marereni. Natumia Boxer, kama wenzangu wengi wa pwani hii. Ukishavuka daraja, njia inafunguka na magari yanaongeza mwendo. Malori ya chumvi yanatoka upande wa Gongoni na Marereni yamejaa, mabasi ya Lamu na Garsen yana saa zao za kufika, na yale magari madogo ya miraa yana haraka ambayo binadamu wa kawaida haijui. Mwenye pikipiki hana ubavu wa kugombania lami na hao. Anachoweza ni kuonekana, na asipoonekana, asikike.

Na honi ya kiwandani haisikiki. Ni kidude cha duara, kipenyo chake hakifiki sentimita 10, kimefungwa mbele chini ya taa. Kinatosha kumwamsha mtu anayevuka akiwa na simu sikioni pale sokoni. Kwa lori lenye injini inayonguruma na redio iliyofunguliwa mpaka mwisho, ni kama hukupiga.

Kabla ya kukimbilia dukani, lakini, ni vizuri kujua mle ndani mna nini. Mna koili ya waya, platini, na bamba jembamba la chuma. Umeme ukipita kwenye koili, sumaku inalivuta bamba. Bamba likivutwa, platini zinaachana, umeme unakatika, bamba linarudi, platini zinagusana tena. Hivyo hivyo mara mia nne na zaidi kwa sekunde moja, na sikio linasikia mlio mmoja. Nyuma ya honi nyingi kuna skrubu ndogo, mara nyingine imezibwa kwa rangi. Hiyo ndiyo inayopanga nafasi ya platini.

Sasa fikiria hewa yetu. Chumvi inakula mabati, inakula rimu, inakula hata bawaba za mlango ulio mbali na ufuo. Platini za honi haziwezi kupona. Honi nyingi zinazoitwa zimekufa hapa Malindi hazijafa. Zimeshika kutu kwenye ncha za waya, au platini zimeungua kidogo na nafasi imebadilika. Chomoa viunganishi, visugue kwa msasa laini, virudishe. Kisha shika bisibisi, bonyeza honi, zungusha ile skrubu polepole, robo mzunguko kwenda na robo kurudi, mpaka usikie sauti imejaa. Usiikaze ukaisahau hapo, maana platini zikigandana koili inapata moto. Nimeona watu wakiokoa pesa zao kwa dakika tano za kazi hiyo, wakaondoka wakiwa na honi waliyodhani ni mpya.

Kipimo cha pili kinahitaji mita ya umeme. Gusa ncha mbili za honi huku mwenzako akibonyeza swichi. Betri inakupa volti 12 na kitu, na kama kwenye honi unaona 9 au 10, basi volti mbili tatu zimepotelea njiani, kwenye waya mwembamba, kwenye swichi iliyochakaa, kwenye athi, yaani waya wa kurudi hasi, iliyofungwa juu ya rangi badala ya chuma kitupu. Honi hiyo ina njaa. Ukiitoa ukaweka kubwa zaidi juu ya waya uleule, kubwa itakuwa na njaa kali zaidi, kwa sababu inakula ampea nyingi na kila ampea inayopita kwenye ukinzani inaacha volti zake humo.

Hesabu yake si ngumu. Mita 3 za waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, kwenda na kurudi, zina ukinzani wa karibu omu 0.1. Honi mbili za duara, ya sauti nene na ya sauti nyembamba, zikila ampea 4 kila moja, jumla ni 8. Zidisha: volti 0.8 zimekwenda kabla hujahesabu swichi wala viunganishi. Waya wa milimita mraba 2.5 kwa urefu uleule unapoteza kama volti 0.16 tu. Ndiyo maana mtu anaweza kununua honi ya bei, akaifunga, ikamlilia kama mbuzi mgonjwa, halafu akamlaumu mwenye duka.

Fundi wangu ana kibanda mtaa wa Kisumu Ndogo hapa Malindi, ubavuni mwa duka la vipuri. Ni kijana, mikono yake miepesi, mdomo wake mwepesi zaidi. Nilipompelekea jozi yangu ya honi aliipima kwa macho, akacheka.

"Ami, wewe wataka honi au wataka vita?"

"Nataka lori linisikie."

"Lori takusikia. Na waliolala mtaa wa Ngala pia."

Akaanza kufungua ile ya zamani aitoe. Nikamwambia aiache palepale. Akanitazama kama nimepotewa na akili: kwake honi mpya ni badala ya honi kuukuu, kama unavyobadilisha taa iliyoungua. Njia yake ni ya haraka, unachomoa, unachomeka, umemaliza, mteja anabonyeza mara moja mbele ya watu na kila mtu anashika masikio na kufurahi. Tukabishana kidogo, naye akaninyoshea spana, "Haya ami, pikipiki ni yako."

Sababu yangu iko kwenye desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Desibeli hazijumlishwi kwa mtindo wa shilingi. Honi mbili, kila moja ya 110, zikilia pamoja zinatoa 113 tu, wala si 220. Ongezeko la 10 ni nguvu ya sauti mara kumi, ingawa sikio la mtu linalichukua kama mara mbili hivi. Na sauti inavyokwenda mbali inapungua desibeli 6 kila umbali unapokuwa maradufu. Hapo ndipo namba za kwenye maboksi zinapodanganya bila kusema uongo. Honi ya upepo iliyoandikwa 139 imepimwa sentimita 10 kutoka mdomoni mwake. Isogeze mpaka mita 2 na hesabu inakupa 113. Nani anaweka sikio sentimita 10 kutoka kwenye honi? Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 28, ambayo watengenezaji wengi wa dunia wanaifuata, inapima honi yenyewe kwa umbali wa mita 2, na hiyo ndiyo namba ya kuitafuta. Ukikuta boksi limeandikwa desibeli bila umbali, chukulia kwamba hujaambiwa kitu.

Kanuni hiyohiyo ina jambo jingine ninalolipenda: sauti inatakiwa iwe na nguvu ya kutosha kati ya hezi 1800 na 3550, yaani mitetemo kwa sekunde. Honi ya duara ina mlio wa msingi wa hezi 400 au 500, lakini bamba lake linatoa pia vilio vingi vya juu, na humo ndimo sikio la binadamu lina makali zaidi. Injini ya lori inanguruma chini. Kilio cha juu kinapenya katikati ya ngurumo, na mlio mnene mtupu unazama humo. Kwa hiyo zile honi za kuiga meli, zinazotetemesha kifua cha anayesimama karibu, si lazima ndizo zinazosikika ndani ya kebini.

Turudi njia ya Gongoni. Tuseme honi ya kiwandani ni 105 kwa mita 2 na jozi yangu ni 113. Tofauti ni 8. Kwa mita 50, ile ndogo imebaki 77 na jozi 85. Ndani ya kebini ya lori linalokwenda na dirisha wazi, injini na upepo vinaweza kufika 80 na zaidi. Ndogo imezama. Jozi imetoa kichwa kidogo. Kugeuza hesabu hiyo kwa njia nyingine: ambacho honi ndogo inafanya kwa mita 20, jozi inafanya kwa mita 50. Nimenunua mita 30. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ni mita 22 kwa sekunde, mita 30 ni sekunde moja na theluthi. Lori likinijia uso kwa uso na mimi niko kwenye mwendo huohuo, ni nusu ya hapo.

Sekunde moja na theluthi. Hiyo ndiyo bidhaa yote, ukiondoa boksi na picha ya tai iliyochorwa juu yake. Si haba. Dereva aliyekuwa akiingia upande wangu akinisikia sekunde moja mapema, usukani wake utakuwa umeshaanza kurudi. Lakini pia si ngao. Dirisha la kebini likifungwa, kioo na bodi vinakata desibeli nyingine ishirini au zaidi, na hapo hata jozi haifiki mpaka mko karibu sana. Malori mapya yana kiyoyozi. Kadiri barabara yetu inavyopata magari mapya, honi zetu zinazidi kuwa hazisikiki, na kijana anadhani dawa ni kuongeza kelele, wakati dawa ni kukaa pale dereva anapokuona kwenye kioo chake na kuacha taa ya mbele ikiwaka mchana.

Na mjini? Mjini naendesha kilomita 20 kwa saa. Sekunde moja na theluthi sina pa kuipeleka. Nikimwona mzee anatoka msikitini anashuka barazani, sihitaji asikie akiwa mita 50. Nahitaji ajue nipo, asishtuke, na ikiwezekana ajue kwamba nimemsalimu. Kwa kazi hiyo honi ndogo ni bingwa. Ina aibu yake. Ukiigusa nusu inatoa "pi" ya adabu. Jozi haijui adabu: bamba kubwa likishaanza limeanza, hata ukigusa kwa ncha ya kidole.

Kuna kijana wa steji moja ya Maweni aliyeitoa honi yake ya zamani na kuweka ile inayobadilisha milio, mara king'ora, mara farasi, mara mtoto analia. Wiki za mwanzo alikuwa mfalme wa steji. Kisha wateja wake wa asubuhi, kina mama wanaokwenda sokoni, wakaanza kumkwepa. Zamani alipita kwenye vichochoro akigusa "pi" mlangoni na mama anatoka na kikapu. Sasa akigusa, mtoto aliyelala anaamka, jirani anatoka na maneno. Hakuna aliyegombana naye. Walimpigia simu mwenzake tu.

Hapo ndipo nilipopata swichi ya pili. Kidole gumba cha kushoto kinabaki na kitufe cha zamani, kinachopiga honi ya zamani, waya zake zilezile. Honi kubwa ina kitufe chake, kimefungwa kwa kibano juu ya usukani upande huohuo wa kushoto, juu kidogo, mahali ambapo kidole hakifiki kwa bahati mbaya. Lazima ukitake. Mjini sikitaki. Nikivuka daraja la Sabaki, kidole gumba kinahamia juu chenyewe.

Kwa anayetaka kufanya kazi hiyo, kiini chake ni rilei, swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Ni kiboksi cha bei ndogo chenye miguu minne, na namba zake zimeandikwa chini: 30, 87, 85, 86. Waya mnene kutoka betri, upande wa chanya, unapita kwenye fyuzi kisha unaingia 30. Kutoka 87 unakwenda kwenye honi mbili, na honi zinarudi athi kwa waya wake, usitegemee fremu yenye rangi na kutu. Miguu 85 na 86 ni ya koili ndogo ya ndani, inayokula chini ya robo ampea, kwa hiyo kitufe chako hata kikiwa dhaifu hakiumii. Mguu mmoja nimeupa umeme kutoka waya unaoamka ufunguo ukiwashwa, mguu wa pili unakwenda kwenye kitufe na kitufe kinaupeleka athi. Faida ya ufunguo ni kwamba pikipiki ikiegeshwa nje ya madrasa, watoto wakitoka wakabonyeza, hailii. Watabonyeza, hilo usiwe na shaka nalo.

Asiyetaka kitufe cha pili anaweza kuchukua waya mbili za honi ya zamani akazitia moja 85 na nyingine 86. Pikipiki nyingine swichi yake inaleta chanya, nyingine swichi inafunga athi, lakini rilei ya kawaida haijali upande. Inafanya kazi kote kuwili. Angalia tu isiwe rilei yenye dayodi ndani, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, hiyo inachagua.

Fyuzi ni ampea 15 kwa jozi ya ampea 8, na ikae karibu kabisa na betri. Fundi wengi wanaiweka popote penye nafasi, au wanaiacha kabisa wakisema itasumbua. Waya wa betri unapita shingoni mwa pikipiki, pale usukani unapogeukia, na huko unasuguliwa kila kona unayokata. Siku ngozi ya plastiki ikiisha na shaba ikagusa fremu, fyuzi iliyo karibu na betri inakatika na unasukuma pikipiki nyumbani. Bila fyuzi, waya unawaka chini ya tangi la petroli. Sina haja ya kuongeza neno.

Honi zenyewe zina bamba la kufungia linalonepa. Watu wanalikata au wanaliongezea chuma kigumu ili honi "isichezecheze". Acha icheze. Honi ya duara ikigusa fremu au ikabanwa kwa nguvu, mtetemo unaibiwa na sauti inafifia. Ukimaliza, geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia uone hakuna waya unaovutwa, kisha kaa juu na ubonyeze shokomzoba za mbele mpaka chini, uone madigadi haigongi kitu. Na kama umenunua zile za umbo la konokono, mdomo utazame mbele na chini, mvua ya mwezi wa tano isijazane humo.

Honi za upepo zenye kompresa kwenye pikipiki ndogo siziafiki. Zinakula ampea 18 mpaka 20. Betri za pikipiki zetu ni ndogo, nyingi kati ya saa-ampea 4 na 9, na injini ikiwa imetulia, koili yake ya kuzalisha umeme haitoi umeme wa kulisha mzigo huo. Taa inafifia, mlio unaanza kwa kuchelewa kwa sababu mota lazima izunguke kwanza, na kuchelewa kwenyewe kunakula ile sekunde uliyokwenda kuinunua. Kwenye basi, sawa. Kwenye Boxer ni mapambo.

Lazima pia nitaje wanyama, maana nusu ya honi ninazopiga ng'ambo ya mto ni kwa ajili yao. Mbuzi akisikia jozi anakimbia, lakini anakimbilia upande wowote, pamoja na ule ulio mbele ya gurudumu lako. Ng'ombe hakimbii. Anasimama, anageuka, anakutazama kama umemkatiza mazungumzo, na nyuma yake wenzake wanasimama pia, na sasa njia imefungwa kabisa. Punda wa maji anafunga masikio tu. Kwa ng'ombe nimegundua honi ndogo ni bora, tena mara moja, halafu unazima mdomo na kumwacha mchungaji afanye kazi yake kwa fimbo. Kuku hana dawa.

Sheria haiko mbali na haya. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakutaka uwe na chombo cha kutoa tahadhari, na Kanuni za Kelele za mwaka 2009 zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira zimegawanya mchana na usiku, zikaweka viwango vya chini zaidi kwa usiku na kwa maeneo ya hospitali, shule na nyumba za ibada. Ving'ora vimeachiwa magari ya dharura. Sijaona mtu amesimamishwa barabara ya Lamu kwa kipima sauti, lakini askari hahitaji kipima sauti kumsimamisha mwenye honi ya farasi. Inatosha awe hakupenda kuamshwa.

Pwani hii ilikuwa na utaratibu wake wa sauti kubwa kabla ya pikipiki. Siwa ya Pate, baragumu la pembe ya ndovu, ni ndefu kuliko kimo cha mtu, na Lamu walikuwa na yao ya shaba, na hazikupulizwa na kila aliyekuwa na pumzi. Ilikuwa sauti ya mamlaka na ya harusi za wakubwa. Watu wengine walikuwa na midomo yao. Hata leo, ukiwa kwenye kichochoro cha Lamu na hamali akija nyuma yako na mkokoteni wa saruji, utasikia "simile, simile," na utajibandika ukutani bila kukasirika. Mkokoteni ule ni mzito kuliko Boxer yangu na hauna breki. Sauti yake inatosha kwa sababu ni ya kiasi cha njia yenyewe. Mwenye pikipiki wa Malindi ana njia mbili kwa siku moja, kichochoro cha Shela ya hapa Malindi asubuhi na barabara ya malori saa tano, na kiwanda kimempa sauti moja tu.

Matunzo si mengi, ila chumvi haisahau. Ncha za waya nimezipaka vaselini baada ya kuzikaza. Viunganishi nilivyobana kwa koleo vimedumu kuliko vile fundi alivyolehemu, maana mtikisiko unavunja waya pale risasi inapoishia. Honi ya sauti nene ndiyo inayoanza kukoroma kwanza mvua zikianza, na robo mzunguko wa skrubu huirudisha. Ikizima moja kabisa, jozi inapoteza zaidi ya nusu ya heshima yake, kwa sababu milio miwili ya 400 na 500 ikigongana ndiyo inayomfanya dereva adhani nyuma yake kuna gari. Hapo namwona akitazama kioo akitafuta Land Cruiser, kisha anashusha macho na kuona kofia yangu.

Fundi wangu siku hizi ananiletea wateja niwaeleze mwenyewe habari ya kitufe cha pili, maana yeye amechoka kubishana. Wengi husikiliza, kisha humwambia atoe ya zamani aweke kubwa. Naye huichukua ile ya zamani, huisafisha platini, huiuza kwa mwingine kama mpya. Hasara haipo upande wake.

Mimi sasa nashughulikia nyuma. Honi zote mbili zinatazama mbele, na magari ya miraa yanakuja kwa nyuma, kabla jua halijapanda vizuri. Taa ya nyuma ya Boxer ni balbu moja yenye nyuzi mbili, na ule wa breki ndio uliokatika mwezi uliopita bila mimi kujua. Nimenunua balbu ya LED na kipande cha stika nyekundu ya kuakisi mwanga. Fundi ameniambia nilete pikipiki Jumatano.